Soseji ya Bizari kwa Wagonjwa wa Moyo

Jumanne, 4 Machi
Shayiri ya kuchemsha. Tena! Ndiyo tiba hapa kwenye hospitali ya moyo kando ya ziwa, nje kidogo ya Berlin: wanakunyima kila kinachokupa sababu ya kuishi. Mezani tunakaa kwa vikadi vya majina, na mimi nimeangukiwa na Eckhard Nowicki, mchimba makaa mstaafu wa mji wa Bochum, mpole mpaka anaudhi. Moyo wake unasuasua. Anataka kitu kimoja tu, acheze dansi na binti yake Maike siku binti anapoolewa, mwezi Juni. Kila baada ya chakula anajizoeza hatua za dansi, ameshikilia kiti.

Leo amevuka mpaka. Amesema soseji ya bizari ya Berlin si lolote si chochote, mwenye kuijua aende Bochum. Kayasema hayo mbele ya akina mama wa meza ya pili! Mbele yangu mimi, Lothar Priebe, mzaliwa wa Köpenick, Berlin penyewe!

Jumatano, 5 Machi
Mpango tayari. Kesho alasiri kuna matembezi ya fimbo kuzunguka ziwa. Tutakuwa wa mwisho, tutachepuka kwenye miti, treni, halafu kibandani kwa Uschi muuza soseji, chini ya daraja la reli. Akionja tu, atatubu.

Eckhard hataki. Nesi Swantje kamkataza mafuta, chumvi na ngazi. Isitoshe leo ni Jumatano ya Majivu, Kwaresima imeanza. Nikamwambia Mungu hajishughulishi na mambo ya Berlin. Nikamwambia pia kwamba meza ya pili wanamwona mwoga. Akamaliza samaki wake wa kuchemsha. Halafu akauliza treni inaondoka saa ngapi. Nimempata!

Alhamisi, 6 Machi
Lifti ya stesheni mbovu. Eckhard akapanda ngazi huku akisimama-simama, midomo imegeuka buluu. Nikamwambia asijidekeze.

Uschi akauliza yenye ngozi au bila. Eckhard akataka yenye ngozi. Nikasema Berlin ya kweli ni bila, ngozi ni ya wageni. Tukabishana mpaka Uschi akagonga koleo kwenye kikaango: “Wazee wangu, hii soseji, si talaka! Foleni imefika barabarani!”

Nikamwagizia bila ngozi. Akala taratibu, akaramba uma wa mbao. Roho yangu juu! Akasema si mbaya, ila ya kwao bora. Si mbaya? Nikaagiza ya pili, yenye ngozi, nimpige nyumbani kwake. Akafika nusu, akaweka chini, akasema kifua kinawaka. Hukumu atatoa kesho, wakati wa chai. Nami ningoje!

Ijumaa, 7 Machi
Kiti kitupu. Swantje amekuja, akachuchumaa karibu yangu, akasema Bwana Nowicki amefariki alfajiri.

Nikauliza kama kuna neno alilosema. Akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Alidhani nauliza maneno ya mwisho ya rafiki. Mimi nilikuwa nauliza habari ya soseji.

Nilimpenda yule mtu. Naandika hivyo hapa kwa kuwa hakuna wa kumwambia. Uma wake wa mbao umo mfukoni mwa koti langu, sijui uliingiaje. Nimeshindwa kuutupa.

Nimemuuliza daktari, kijuujuu tu, kama soseji moja na nusu inaweza kumuua mtu. Akaniuliza ya nani. Nikajifanya nimepaliwa.

Jumamosi, 8 Machi
Maike amekuja kuchukua vitu vya baba yake. Ana macho yaleyale. Viatu vya dansi vya baba alivibeba mkononi, hakuvitia kwenye sanduku. Alisema Alhamisi jioni baba alimpigia simu akicheka, eti katoroka na rafiki wa mezani, wamekula soseji mjini. Akaniuliza: “Ni wewe, babu?”

Nikasema mimi nyama situmii.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema basi, bahati mbaya, maana kuna ujumbe. Baba alikiri ile ya Berlin ni tamu kuliko ya kwao, tena bila ngozi. Ila huyo rafiki ana majivuno, asiambiwe sasa. Wangemwalika harusini, baba amwambie mwenyewe huko, mbele za watu.

Nimeshinda! Na sina wa kumwambia. Nimekaa chooni nikalia kama mtoto.

Jumatatu, 10 Machi
Kikadi kipya mezani: Detlef Harms, wa Hamburg. Kafanyiwa upasuaji majuzi, akikohoa anashika kifua kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa supu.

Nimeapa. Yaliyompata Eckhard yasimpate mwingine. Nilitaka kumsimulia yote, ajihadhari na ngazi, na mafuta, na mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Ndipo akasema, huku akikoroga shayiri, kwamba soseji ya bizari ilizaliwa Hamburg, na Berlin waliiga tu.

Waliiga!

Matembezi ya fimbo ni Alhamisi. Nimepiga simu stesheni, lifti bado mbovu. Tutapanda polepole.