Mrudisheni Ofisini Apate Kuja Krismasi

Machame, Hai.

Kwa Ndugu Meneja,
Ofisi ya Bima,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUMREJESHA MWANANGU OFISINI

Ndugu Meneja,

Naitwa Magdalena, mama mzazi wa Eliufoo, kijana wako ambaye tangu masika mlimruhusu afanyie kazi nyumbani. Nasikia kiumri ungepaswa kuniamkia, lakini kwa kuwa wewe ni mkubwa wa mwanangu, tuyaache hayo. Nakusalimu kwa heshima zote.

Kwanza nashukuru. Sikujua kwamba kampuni yenye jengo la vioo inaweza kukosa meza moja hadi ikaazima yangu. Heshima hiyo tumeipokea. Sasa naomba mje mchukue mtu wenu, kwa sababu hizi:

1. Hiyo meza ni ya kulia chakula. Siku hizi nakula na sahani magotini kama niko msibani, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

2. Kikao chenu cha asubuhi kimeangukia saa ya kukamua. Ng'ombe akilia, Eliufoo anakuja mbio kuniomba nimnyamazishe kwa sababu mkurugenzi anaongea. Nilijaribu kumweleza ng'ombe cheo cha mkurugenzi, akazidisha sauti. Kukata majani nako nimekatazwa, eti panga linasikika hadi Dar, kwa hiyo nangoja kikao kiishe. Na vikao vyenu haviishi, Ndugu Meneja, vinazaana. Ng'ombe wangu anashinda na njaa ili ninyi mkubaliane siku ya kikao kingine.

3. Hili ni zito. Jirani yetu, mzee Aminieli, aliingia kutusalimia kama ilivyo kawaida yake. Eliufoo, na vile vidude masikioni, hakutoa shikamoo. Alimwinulia kiganja mzee wa watu, anyamaze! Huko kwenu pengine ndiyo adabu ya kazi, lakini huku ni jambo la kuitisha ukoo. Ilibidi niende mwenyewe na jani la isale, maana kwetu ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa ombi, hata kama moyo unafuka moshi. Alisamehe. Ila mbege aliyokunywa wakati wa kusamehe ilitoka jikoni kwangu, sikuona mchango wa kampuni.

4. Hakuna anayeamini kwamba ana kazi. Mwanaume mzima, siku ya wiki, mchana kweupe, yuko kihambani kwa mama yake kati ya migomba na kahawa, amevaa kandambili! Usharikani wameshamwombea apate ajira, tena kwa jina. Nikienda sokoni Kwa Sadala wananiongezea ndizi kwa huruma. Nazila, lakini kwa uchungu.

5. Sasa kiini chenyewe. Sisi Wachagga tunakwenda mbali ili turudi Krismasi. Ikifika Desemba kila mji hapa unapaka chokaa, unanenepesha mbuzi, unatega sikio kusikia gari likipiga honi njiani. Je, mimi nitamngoja nani? Nikikimbilia nje kumlaki mwanangu, nitamkuta anatoka chumbani na mswaki mdomoni. Nimuulize habari za safari? Tangu baba yake afariki, kazi yangu ya mwaka mzima ilikuwa kungoja. Mmeniletea mtoto, mkaninyang'anya kazi.

Kwa hiyo, kama kampuni inajali ajira za watu, mrudisheni Eliufoo ofisini ili na mimi nirudi kazini kwangu. Kama hapo mmejaa, mpelekeni Kigoma. Akitoka mbali zaidi, nitampokea vizuri zaidi.

Nisalimie mkurugenzi, ambaye sauti yake sasa naijua kuliko ya mchungaji wetu. Msalimie mlinzi wa getini, na yule dada anayeuliza kila asubuhi kama anasikika. Mwambie anasikika, hata bandani.

Wako katika kungoja, maana ndiyo kazi ninayoijua,
Magdalena, Mama Eliufoo.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, Eliufoo akaingia kuniambia mmetangaza wote warudi ofisini Jumatatu. Nikamwambia vizuri sana. Kisha nikaenda bandani, nikakuta ameshakata majani ya jioni, na lile paa lililokuwa likivuja tangu baba yake afariki ameliziba, wala hakunitangazia. Nilikaa juu ya ndoo nikalia.

Ndugu Meneja, yote niliyoandika hapo juu ni kweli, na yote nayafuta. Meza chukueni. Ng'ombe nitamlisha alfajiri, atanyamaza. Krismasi nitatoka nje kumlaki hivyo hivyo na mswaki wake. Niachieni mwanangu.

Humu ndani ya bahasha kuna jani la kijani, lisikushtue. Ni isale, na umeshalishika.