Mashine Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi
Kazi yangu ni kupima mashine za leza za kutibia macho kabla hazijapelekwa hospitali. Kila moja iwake saa mbili mfululizo, na nguvu ya mwanga isiyumbe. Basi. Lakini namba saba! Dakika ya arobaini tu, mwanga unalegea kama mtu aliyeshiba. Mara tatu leo.
Ijumaa anatangazwa mkuu wa wapimaji. Ni mimi au mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Bi Mizani. Yeye kamaliza sita, mimi tatu. Kaniambia nisiwe na papara. Rahisi kusema ukiwa mbele!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Mashine inachemka, basi ipozwe. Nimeazima feni ya karani, nikamwambia nina kizunguzungu. Akanihurumia, akaniletea na maji. Nikaielekeza feni mgongoni mwa namba saba. Saa mbili nzima, mwanga umetulia tuli! Nikaandika: imefaulu. Habari za feni sikuandika. Nafasi yenyewe kwenye fomu ilikuwa finyu.
Meneja kanipiga bega. Ajabu, sikufurahi.

Jumatano, 5 Machi
Mama kapiga simu. Ana presha ya macho, daktari kasema atatibiwa kwa leza. Akauliza kama mashine hizo si ndizo ninazozipima mimi. Nikasema ndizo. Akasema basi hana wasiwasi wowote.

Nimejipa moyo kwamba namba saba itakwenda kwingine. Lakini huko kwingine nako kuna mama wa mtu, ameweka kidevu mahali pa kidevu, ameambiwa asipepese. Chakula cha mchana sikujua nimekula nini.

Alhamisi, 6 Machi
Lazima namba saba irudi, ila bila mimi kuaibika. Akili mpya: nimesingizia kipimo. Nimemwambia meneja kifaa chetu cha kupimia mwanga kinadanganya, turudie kila kitu. Nilijiona mjanja kupindukia.
Meneja akampa Bi Mizani akikague. Kizima! Ili kuhakikisha, akakijaribu kwenye namba saba. Bila feni. Nilisimama pembeni na miwani yangu ya kinga, naomba Mungu dakika zisifike arobaini. Zikafika. Mwanga ukaanguka.
Bi Mizani hakupaza sauti. Aliniuliza kama nilikuwa najua. Nikasema ndiyo.
Akavua miwani. "Jicho halina spea, ndugu yangu," akasema.
Akaongeza kwamba hatanisemea. Niende mwenyewe, kabla ya saa nne kesho. Heri angenifokea.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda saa tatu na dakika hamsini na nane. Nimesema yote, mpaka kizunguzungu cha uongo. Meneja aliyaandika yote. Kisha akaamuru mashine zangu zote zirudiwe, nami nisitie saini kitu mwezi mzima.
Bi Mizani kaifungua namba saba. Kijibomba cha maji ya kupozea kimekunjika, kama shingo ya kuku. Kukinyoosha, dakika mbili. Siku nne nimehangaika na feni!
Ukuu kapewa yeye. Nimempa mkono, na kwa kweli sikuumia sana. Nimetembea kwenda nyumbani mwepesi kama niliyetua gunia.
Nikampigia Mama, nikamweleza kila kitu.  Halafu akasema: "Afadhali umeniambia, mwanangu. Nitamuuliza daktari kama aliyeipima ya kwangu ni mtu mwingine."

Jumatatu, 10 Machi
Wiki mpya, mtu mpya. Nimebandika karatasi mezani: UKWELI KWANZA. Karani kaisoma, kaguna.
Mkuu mpya kaleta utaratibu wake. Nisome joto la chumba cha majaribio kila nusu saa na kuliandika daftarini. Nimemwambia wazo zuri sana. Nikakaa, nikatafakari. Chumba hakina dirisha, kiyoyozi hakizimwi, joto halijabadilika tangu niajiriwe. Nusu saa kwa nusu saa ya nini?
Nimeshalijaza daftari mpaka Ijumaa jioni. Alhamisi nimepandisha kidogo, ionekane kweli.