Dirisha Lisilo na Chumba

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba hii ina siri. Nje, upande wa bustani, kuna dirisha lililozibwa kwa matofali. Ndani hakuna chumba chake! Mwanangu Wilf analala kwenye chumba cha zamani cha kuhifadhia maziwa, kilichojengwa makusudi kiwe baridi. Mafua hayamwishi, maskini. Mama mkwe wangu, Mavis, analala chumba cha ghorofani, juu ya jiko. Joto tele. Nimemuuliza kuhusu dirisha. Eti wazee waliliziba enzi za kodi ya madirisha, kila dirisha likilipiwa serikalini. Kisha akanimiminia chai. Haraka hivyo? Anaficha chumba. Kikavu, chenye joto. Kinamfaa Wilf.

Jumanne, 4 Machi
Nimepima kwa kamba ya kuanikia nguo. Ukuta wa sebuleni, penye lile dirisha, ni mnene kuliko ng'ombe! Mume wangu, Clem, kasema hapa kila kizazi kilijenga chake ndani ya cha waliotangulia. Kafundishwa kusema hivyo. Mama yake alikuwa pembeni, anakohoa.

Alhamisi, 6 Machi
Mavis kaenda kupanga maua kanisani. Wilf kalala. Nyundo. Nyuma ya meko ndogo ya vigae tunayootea moto sebuleni kuna meko ya chuma. Nyuma yake meko ya mawe, farasi anaingia. Nyuma yake... masizi. Ya miaka mia tatu, yote kichwani mwangu. Chumba hakuna. Mavis akarudi, akasimama mlangoni, kofia bado kichwani.

"Mwanangu, ungeniambia tu unataka chumba changu."

Mpole mno. Sijapenda.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana Pettifer, afisa wa serikali wa kulinda majengo ya kale, kafika. Nyumba kama hii hupigilii hata msumari bila ruhusa. Nilijua nimekwisha. Badala yake kajilaza kwenye masizi, anachungulia bomba la moshi, anacheka peke yake. Kasema meko ile ni lulu, na tundu langu lisizibwe mpaka kikao cha ofisi yake kiamue. Upepo unaingia sebuleni kama mgeni rasmi.

Jumapili, 9 Machi
Mavis kahama mwenyewe. Kitanda cha Wilf sasa kiko chumba cha juu ya jiko. Kalala fofofo, mashavu mekundu, hakukohoa hata mara moja. Nimelia kidogo. Mavis kahamia chumba cha maziwa, eti baridi haimsumbui.

Baridi ile? Kwa hiari yake?

Kuna kitu chini ya sakafu ya chumba kile. Akienda tena kwenye maua, nabandua vigae.