Koti la Manjano na Vipepeo wa Mashariki

Jumatatu, 4 Machi
Habari njema! Mkuu wa kitengo chetu cha wadudu anastaafu. Kiti chake ni changu. Nimekwisha kukipima kwa macho: kinanienea. Kikwazo ni kimoja tu, Shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye kwa bahati mbaya ya ukoo meza yake imegusana na yangu. Mkurugenzi ametangaza kwamba Ijumaa kila mmoja wetu atamwonyesha vipepeo wa msimu huu wanahamia upande gani. Atakayemridhisha atapewa kiti. Shemeji anasema kusini. Basi mimi nasema mashariki. Nikisema kusini baada yake, nitaonekana mkia.

Jumanne, 5 Machi
Kipepeo hugandishwa kijiti chembamba mgongoni, kisha hutundikwa katikati ya pipa pana lisilo na mfuniko. Haendi popote, lakini hupiga mabawa na kugeuka apendavyo. Upande anaouelekea ndio upande wa safari yake. Sisi huchungulia ukingoni tukiwa tumevaa makoti ya kijivu. Ndiyo sheria ya kale ya chumba kile. Kijivu! Mtu anayeukaribia ukuu avae rangi ya majivu? Nimemwomba mke wangu anishonee koti la manjano. Akauliza kama nagombea cheo au nauza ndizi mbivu. Nikampa vipimo vya mabega.

Jumatano, 6 Machi
Koti tayari. Linang'aa ajabu, jirani alijikinga macho kwa gazeti. Nikaenda nalo kazini, nikakaa upande wa mashariki wa pipa, penye kivuli. Kipepeo wa kwanza akageuka mashariki. Wa pili, mashariki. Wote mashariki! Nilijua!
Shemeji akapita, akanitazama juu mpaka chini, akanisihi nivae la kijivu, eti nitamshukuru. Wivu mtupu. Nikamkumbusha kwamba mshonaji ni dada yake. Akasema hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeandika hotuba ya shukrani. Mke wangu akauliza kama kuna mtu amekwisha kunipa kitu cha kushukuru. Nikamwambia vipepeo wamekwisha kunena. Akauliza tena, huku uzi ukiwa mdomoni, kama nimewahi kukaa upande mwingine wa pipa. Nikamweleza kwa upole kwamba upande mwingine una jua. Ushonaji anaujua, sayansi aniachie mimi.
Mchana nilikijaribu kiti cha Mkuu. Hakikulia hata kidogo. Mkuu ndiye aliyelia, alipoingia ghafla na kunikuta nimefumba macho.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya siku. Mkurugenzi akafika. Kwa adabu nikampisha kivulini, mashariki, nami nikahamia magharibi. Kipepeo akageuka magharibi. Nikamnong'oneza ajiheshimu. Nikasogea kaskazini nimwone vizuri. Akanifuata kaskazini! Nikaanza kulizunguka pipa kwa haraka; naye akazunguka kama feni. Nilipofika kusini nikihema, Shemeji akapiga makofi. "Hapo hapo, shemeji! Tulia, umeshafika!"
Mkurugenzi akaniomba nivue koti. Nikalivua. Fulana ya ndani ilikuwa na matundu, lakini ilikuwa ya kijivu kwa sababu ya uzee. Nikaamriwa nirudi kaskazini. Kipepeo akatulia. Akageuka polepole, akaelekea kusini, akabaki huko.
Kiti amepewa Shemeji. Hotuba ya shukrani bado ninayo mfukoni. Hakuiomba.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu akanipa pole, akaongeza kwamba aliniuliza. Shemeji naye akaja, akanishika mkono, akaniambia Jumatatu nije na koti la kijivu na tusahau yaliyopita. Kiti kimempa sauti nzito tayari.
Nimetafakari kwa utulivu, na jambo limenidhihirikia. Watu wote wa kitengo kile huhangaika kujua vipepeo wanakwenda wapi. Ni mtu mmoja tu ambaye vipepeo humfuata anakotaka yeye! Mtu wa namna hiyo anahitaji kiti cha nini? Msimu ujao nitasimama juu ya kilima cha mashariki, na msafara mzima utanijia. Tuone Shemeji atabaki na nani huko kusini kwake.
Koti pekee halitatosha kuonekana kutoka mbali. Nimemwagiza mke wangu suruali ya manjano, na kofia. Anadai kitambaa kimekwisha.
Amekikalia. Ncha yake naiona.