Farasi wa Haneke na Zamu Yangu ya Mwethya

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo soko letu la Kwa Vonza limeona mwanaume.

Nilikuwa sokoni natafuta kamba ya punda. Nikasikia mama mmoja mzungu akiuliza madukani nani ana nafasi ya kuweka farasi. Watu wa huku ukiwatajia farasi wanaangalia viatu vyao. Nikajitokeza mimi, Mbaluka. Nikamwambia nimelelewa na farasi. Babu yangu alipanda farasi kutoka hapa hadi Mombasa bila kushuka! (Alikuwa punda. Na ilikuwa hadi Kanyangi. Lakini kushuka hakushuka, punda alikataa kusimama.)

Anaitwa Haneke. Mholanzi, yuko Kitui mjini na mradi wa maji, mkataba wa miaka miwili. Kiswahili alijifunza Lamu, kwa hivyo hakijui vizuri. Nilimrekebisha mara kadhaa.

Anataka banda lenye mlango wazi usiku na mchana, na uwanja wenye ua, ndiyo farasi atoke na kuingia akipenda. Wiki moja ya kujaribu. Farasi akipendezwa, anakaa kwangu miaka yote miwili. Nikamwambia banda liko tayari.

Kesho nitaanza kulijenga.

Jumanne, 14 Oktoba

Kuta ziko: lile duka langu ambalo halikufunguliwa kwa sababu ya wivu wa watu. Shida ni paa. Nikachukua mabati ya jikoni ya Kasiva.

Mke wangu hana maono. Aliuliza, mvua ikianza atapikia wapi, kichwani mwangu? Nikamweleza kwamba boma lenye farasi halisumbuliwi na mambo ya sufuria. Akasema: sawa, Baba Mumbua, farasi akikaa, nitanyamaza. Akiondoka, mabati yangu yarudi siku hiyo hiyo, ama utakula nyasi atakazobakisha.

Ukali wa bure. Farasi ataondoka aende wapi?

Sasa ua. Kazi ya wiki tatu kwa mtu wa kawaida. Mimi siku mbili, lakini mgongo. Nikaenda kwa Mwongeli, mwenyekiti wa mwethya yetu, wale akina mama na wazee wachache tunaosaidiana mashamba kwa zamu. Wao wanasaidia, mimi natoa mawaidha. Mwongeli akacheka kwa pua. Akanikumbusha walinichimbia mitaro, wakanichimbia hata choo, na zamu ya mwingine ikifika mimi niko matangani. Aliuliza mama mkwe wangu amekufa mara ngapi sasa, maana jana alimwona sokoni akinunua ndengu.

Tukapatana. Wanakuja kesho. Halafu Jumatatu nikalime shamba lake kabla ya mvua. Akataka niape mbele ya kamati ya akina mama wa kanisa. Niliapa. Sauti yangu hata ilitetemeka vizuri.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ua uliisha jana kabla ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kuiva chunguni. Walikuwa wakiimba. Wimbo ulikuwa na jina langu. Maneno mengine hayafai shajarani.

Farasi amefika leo na lori! Anaitwa Oska. Mrefu kama mlango wa kanisa, matako yanang'aa. Kijiji kizima kwenye ua wangu. Haneke aliniambia mara tatu: mlango usifungwe. Nikasema ndiyo mara tatu.

Alipoondoka nikafunga kwa kufuli. Hebu fikiria! Mnyama wa maana kama huyo alale mlango wazi kama mbuzi wa maskini? Watu watasema nini?

Ijumaa, 17 Oktoba

Oska alipiga mlango teke. Mlango uko kwenye mti wa mwarobaini. Si karibu na mti. Juu.

Haneke akapiga simu kuuliza habari ya mlango. Nikamwambia bila kudanganya kwamba uko wazi kabisa na hautafungwa tena. Alifurahi sana. Akaniita mtu makini.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilienda kanisani juu ya farasi. Nilitaka mchungaji aone. Kilomita moja tu, lakini Oska alisimama kwa kila shamba kusalimia mabua makavu. Hatimaye nikashuka kwa hiari yangu, kichwa kikitangulia.

Oska alifika kanisani kabla yangu. Mchungaji alisema angalau mmoja kutoka boma letu amewahi.

Kesho ni zamu kwa Mwongeli. Mgongo umeanza kuniuma mapema, kama kawaida yake. Lakini nimepata wazo. Lo! Wazo la kutetemesha. Punda wa kila mtu hulima huku. Farasi si ni punda aliyesoma?

Jumatatu, 20 Oktoba

Nikamfikisha Oska kwa Mwongeli, nikamwambia: hii hapa zamu yangu. Mimi nina miguu miwili, huyu ana minne, kwa hivyo hizi ni siku mbili, nakudai shukrani. Mwongeli akashika kiuno. Akauliza mwenye mali anajua? Nikamjibu mwenye mali yuko kazini, ni Jumatatu.

Nikafunga jembe la ng'ombe. Oska akageuka akaniangalia kwa masikitiko, kama mwalimu wangu wa darasa la tano. Halafu akaondoka. Hakulima. Aliondoka. Na jembe, na mimi nyuma yake nimelishika, tukapitia ua wa Mwongeli. Mimi nikabaki kwenye mtaro.

Mwongeli alimfikia polepole, akimwongelesha kama mtoto mgonjwa. Akamfungua kamba. Akamletea maji kwa karai. Akamwacha atembee shambani anavyotaka.

Hapo ndipo gari likaingia.

Nani alijua leo ni sikukuu ya Mashujaa? Kalenda yangu ni ya mwaka juzi! Haneke alikuwa na likizo, akapita kwangu, na Kasiva, ambaye hajui kusitiri mume, akamwonyesha njia kwa mwiko.

Akaniangalia mtaroni na jembe langu. Akamwangalia Oska, kichwa begani mwa Mwongeli, akitafuna majani makavu ya mahindi. Akauliza kwa kile Kiswahili chake cha Lamu: ewe bwana, kumbe farasi wangu mmemwajiri?

Nikamweleza ni mazoezi. Hakuniita makini.

Jumanne, 21 Oktoba

Haneke amemhamishia Oska kwa Mwongeli. Miaka miwili. Mama yule hawezi hata kusema neno farasi bila kucheka, na amepewa yeye!

Kasiva alikuja na ngazi achukue mabati. Akaingia bandani, akazunguka. Hewa nzuri, akasema. Moshi utatoka vizuri kwa sababu hakuna mlango. Akaleta mafiga yake matatu. Sasa banda langu ni jikoni na mimi nimekatazwa kuingia na viatu.

Na zamu? Mwongeli anasema haijalipwa, na ua wake tuliouvunja umeongezwa kwenye deni. Leo nimechimba mashimo kumi na moja ya nguzo. Oska alisimama kando akitazama. Mtu akiniuliza, nasema mimi ni msimamizi wa farasi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Habari kubwa! Huko Makueni kuna Mwitaliano anatafuta mahali pa kuweka ngamia wake wawili. Nimempigia. Nimemwambia nina uzoefu wa wanyama wa kigeni na kwamba babu yangu alizaliwa juu ya ngamia. Anakuja Jumatano. Nimemwambia uwanja uko tayari.

Nimepita kwa Mwongeli kuita mwethya, ua wangu uinuliwe hadi shingo ya ngamia. Alicheka mpaka akakaa chini, ikabidi ashike mguu wa Oska ili asimame. Akauliza, haya, Baba Mumbua, na safari hii zamu utalipa na nini?

Swali la mtu asiyefikiria mbele. Si kutakuwa na ngamia?