Barua Katika Pua ya Roketi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Una miaka themanini na mbili, haki yake. Nikamuuliza nimebakiza muda gani. Akaniuliza nimekula nini asubuhi. Sijaelewa mpaka sasa.

Lazima niungame kabla sijaondoka. Mwaka 1984 nilimwandikia afisa elimu barua isiyo na jina, kwamba Mwalimu Isakwisa husinzia darasani. Ukuu wa shule nikaupata mimi. Yeye akahamishiwa Rungwe, miaka kumi na tisa. Sasa amestaafu, amejenga hapa Iringa, ukuta kwa ukuta na mimi. Kila asubuhi ananisalimia vizuri. Mateso.

Jumatano, 11 Juni
Binti yetu Frida ametuma boksi kutoka ughaibuni. Roketi ya kuunda mwenyewe. Bomba la karatasi, mapezi manne ya mbao nyepesi, pua ya plastiki, parashuti, injini ya baruti. Eti ya kuchangamsha akili ya baba.

Nimepata mpango. Nimeandika ungamo kwa kalamu yangu ya wino wa kijani, nitaliweka ndani ya pua, nilirushe. Aliye juu atasoma. Isakwisa hatasoma. Haki itakuwa imetendeka.

Ijumaa, 13 Juni
Pezi la kwanza limenasa kidoleni badala ya kwenye bomba. Mke wangu, Mama Frida, amenibandua kwa maji ya moto na sabuni. Akauliza kama si mimi niliyefundisha fizikia. Nikamjibu nilifundisha nadharia.

Maelekezo yanakataza kuongeza uzito. Walioyaandika hawaujui upepo wa Iringa mwezi wa sita. Bomba nimelizungushia tabaka saba za gazeti na gundi ya mbao. Mapezi nimeyavika bati la kopo la maziwa. Pua nimeifunga kwa supaglu, misumari mitatu na vanishi. Malaika atahitaji patasi.

Sasa ina kilo mbili kasoro. Injini ni ndogo kuliko kidole gumba. Hesabu inakataa. Nimeirudia mara nne. Labda hesabu nayo imezeeka.

Jumapili, 15 Juni
Miguu imegoma, sikwenda kwenye sikukuu ya mavuno. Mama Frida amerudi akiimba. Roketi haipo mezani. Akasema ameitoa sadaka. Alidhani ni mnara wa kanisa nilioutengeneza kwa siri. Baada ya ibada ikanadiwa, kati ya jogoo na gunia la mahindi. Nikauliza nani kaipata.

Isakwisa.

Jumatatu, 16 Juni
Nimechungulia ukutani. Tumpe, mke wa Isakwisa, anaitikisa roketi. Nikamsikia: “Baba, humu kuna kitu.” Isakwisa akaleta nyundo. Kisha msumeno. Kisha mchi wa kutwangia. Haikufunguka. Nikajivunia kazi yangu. Halafu nikakumbuka kilichomo. Sijui nishangilie upande gani.

Jumanne, 17 Juni
Isakwisa amekuja, roketi kwapani. “Kamwene, Mwalimu,” akanisalimia. Akauliza ndani kuna nini. Nikasema hewa. Akacheka mpaka akakaa.

Akasema kama ni habari ya ile barua ya 1984, alishaonyeshwa zamani na afisa mwenyewe. Wilaya nzima alikuwepo mwalimu mmoja tu wa wino wa kijani. Tena ni kweli, alikuwa anasinzia. Na asingehamishwa, Tumpe angempata wapi? “Ndaga fijo, asante sana. Ila niambie mwenyewe, mzee mwenzangu, kwa mdomo wako. Halafu tunywe chai.”

Nilifungua mdomo. Nikasema mahindi ya mwaka huu yamekomaa vizuri.

Mama Frida akaleta chai, Isakwisa hakuigusa. Chai ikapoa. Akaondoka, roketi akaniachia mapajani. Nilikuwa karibu kabisa kusema. Sijui mahindi yalitoka wapi.

Jumatano, 18 Juni
Nimewaza. Isakwisa anajua. Akisimulia kanisani, nitazikwaje? Ila mtu wa tabia mbaya hasikilizwi. Basi nimemwandikia mchungaji kwamba kuna mzee, jirani wa watu wema, anayepiga vitu vya sadaka kwa nyundo na mchi. Mama Frida ameshaipeleka barua, imefungwa.

Sikuweka jina. Safari hii hakuna atakayejua. Kalamu ni ileile ya kijani, nyingine sina.

Roketi nimeiongezea tabaka tatu.