Harusi ya Uji wa Watoto

Jumatatu, 3 Novemba

Habari mbaya. Mchungaji Kumwenda ametuita wazee wa kanisa jioni. Rafiki zetu wa ng'ambo, waliokuwa wakilipia uji wa watoto yatima, wamepiga simu kusema mwisho wao ni Krismasi. Kanisa lao limebaki na vikongwe watupu na paa linavuja. Hata letu linavuja. Sikusema.

Watoto wenyewe wengi wamefiwa na wazazi kwa UKIMWI, na wengine wanameza dawa kila siku. Dawa zile hazitaki tumbo tupu. Na miezi ya njaa ndiyo hiyo, mahindi mapya mpaka Machi. Bibi NyaMhone, anayepika uji huo nyuma ya kanisa, alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Miongoni mwa watoto hao yumo mjukuu wake, Taonga, wa miaka tisa, aliyemlea tangu ana meno mawili. Aliuliza swali moja tu: nikishazima jiko, watoto niwaambie nini?

Mzee Jere akatazama viatu vyake. Jere ni mhazini wa kamati ya yatima, mimi katibu. Yeye ana ng'ombe, mimi nina mawazo. Nikasimama nikasema niachieni mimi. Sikuwa na mpango wowote, ila mipango huwa inakuja yenyewe.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango umekuja. Nilikuwa bafuni, sabuni machoni. Harusi!

Watu wa hapa ukiwaomba sadaka wanakohoa. Lakini waite harusini, mshereheshaji apaze sauti perekani, perekani, yaani toeni, toeni, ngoma ianze, uone watu wazima wanavyocheza kuelekea kapu la maharusi wakirusha noti. Hakuna anayetaka kuonekana amekaa. Basi tufanye harusi, na kapu liwe la watoto.

Tatizo, hatuna maharusi. Nikajitolea. Mimi na NyaSibande mke wangu tusherehekee miaka ishirini na mitano ya ndoa. Ni ishirini na mitatu, lakini nani anahesabu. Kumbe mke wangu anahesabu. Alisema hawezi kuvaa shela mbele za watu kwa umri wake, na kuolewa na mimi mara moja kulimtosha. Nikamwambia ni kwa ajili ya yatima. Akanitazama weee, kisha akasema sawa, Baba Lusungu, kwa ajili ya yatima, si kwa ajili ya suti.

Ni kweli nimeagiza suti. Ya kukodi, kutoka mjini Mzuzu. Bwana harusi hawezi kuvaa koti la mazishini.

Jere alipendekeza kila familia yenye shamba itoe gunia moja la mahindi, basi, tukalale. Hana ubunifu, maskini. Tulipiga kura nikamshinda. Nilijitahidi nisicheke mbele yake, nikashindwa.

Jumamosi, 8 Novemba



Ukumbi ulijaa. Suti ilinibana makwapani. NyaSibande alipendeza mpaka nikasahau kilichonipeleka. Mshereheshaji akaita majirani. Wakaja wakicheza vizuri, kiuno hiki, kiuno kile, wakarusha. Nikachungulia kapu. Noti za kwacha ishirini ishirini, zilizochakaa. Nikatupa jicho kwenye meza ya chenji: foleni, watu wanavunja noti kubwa wapate ndogo. Wakaitwa walimu. Ishirini ishirini. Wakaitwa wauza nyanya. Ishirini ishirini, na mmoja alitumbukiza mia akajichukulia themanini yake humo humo kapuni.

Nikamnong'oneza mke wangu kwamba watu wa hapa wamekuwa wachoyo. Akaninong'oneza, huku akitabasamu kwa ajili ya wageni, kwamba watu wa hapa wana kumbukumbu nzuri. Harusi ya binti wa Jere ulicheza raundi saba kwa noti moja uliyoivunja, akasema. Leo wanakurudishia.

Huku kwetu ndivyo ilivyo, harusini mtu hurudishiwa kile kile alichorusha kwa wenzake. Mimi miaka yote nimecheza sana na kurusha kidogo. Sikujua watu wanaangalia mkono. Nilidhani wanaangalia miguu.

Jasho likaanza. Mchungaji ameinamisha kichwa. NyaMhone yuko pembeni na watoto waliokuja kuimba, ananitazama mimi tu. Ndipo nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. Nikamwita Taonga mbele. Alikuja akinyoosha gauni lake, akidhani anaitwa kuimba. Nikamshika bega, nikawaambia watu mtoto huyu mnayemwona, baba na mama yake walikufa kwa UKIMWI, na yeye amezaliwa na virusi, kila siku anameza dawa, na siku akiukosa uji huu atakufa. Hapo pa kufa nilitia chumvi.

Wanawake wakaanza kulia na noti zikaanza kushuka, za mia tano, za elfu. Kapu likajaa, likaletwa beseni. Nilifurahi. Lazima niandike ukweli, nilifurahi, nilipiga hata hatua mbili tatu za ngoma. Nilipogeuka, NyaMhone alikuwa amepenya katikati ya wachezaji, amemshika mjukuu wake mkono, wanatoka. Mke wangu alikuwa ameshavua shela.

Jumapili, 9 Novemba

Nimesifiwa madhabahuni. Soya na mahindi ya uji vitafika mpaka mavuno. Watu walinipigia makofi, nikasimama mara mbili.

Baada ya ibada Jere alinipa mkono, akauliza kwa sauti ya chini kama yule mtoto nilimwomba ruhusa. Nikamwambia wivu haufai kwenye nyumba ya Mungu. Hakujibu. Jere ana tabia mbaya ya kutojibu.

NyaMhone hakuja kanisani. Nyumbani NyaSibande hasemi nami. Sima kaniwekea, mboga hakuniwekea. Nimekula sima kavu nikijaribu kukumbuka ni lini NyaMhone alituambia habari za mjukuu wake. Ilikuwa ofisini kwa mchungaji, mlango umefungwa, na alitushika mikono mmoja mmoja.

Jumanne, 11 Novemba

NyaMhone hakuja kupika. Nimepika mimi, na uji umeungua. Watoto wameunywa bila kulalamika, na hilo limeniuma kuliko kama wangeumwaga. Taonga hayupo. Msichana mmoja akaniuliza kama kikombe cha Taonga kitupwe. Nikamkaripia. Kisha nikajiuliza aliyemfundisha swali hilo ni nani, na nikaacha kumkaripia.

Nikaenda kwa NyaMhone na kilo mbili za sukari. Hakunikaribisha ndani. Tulizungumza tumesimama. Alisema mjukuu wake alikuwa anajua dawa zile ni za kifua. Yeye na nesi wa kliniki walikuwa wanamtayarisha taratibu, kidogo leo, kidogo mwezi ujao, ili siku akiambiwa asiogope. Wewe, mzee Chavula, umemwambia kwa kipaza sauti. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. Na tangu Jumamosi mtoto hataki kumeza. Anasema hawezi kula dawa ya ugonjwa uliomuua mama yake, maana hana ugonjwa huo, amesema mzee Chavula tu.

Sukari hakuipokea. Nimerudi nayo nikipita nyuma ya nyumba za watu. Nimemkosea mtoto yule. Naona haya hata kuandika, lakini nimemkosea, na bibi yake pia.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepata njia ya kurekebisha. Nilikwenda sokoni asubuhi, penye watu wengi, nikatangaza kwamba Jumamosi nilichanganya majina. Mgonjwa si Taonga. Nilikuwa namsema mtoto mwingine.

Wakaniuliza mwingine nani.

Hapo sikuwa nimefikiri. Nikasema siwezi kutaja, ni siri. Mpaka saa sita soko lilikuwa linawashuku watoto wanne, na mama wa mmoja wao alinifuata mpaka kwenye mizani ya maharage na mwiko mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisogo bado kinauma.

Jere akaja akanitoa. Akaniketisha nyuma ya ghala, akaninunulia togwa. Nilitaka anitukane, ningejisikia nafuu. Alisema tu, ndugu yangu Chavula, funga mdomo. Huo ndio mchango pekee kamati inaokuomba. Nikauliza mtoto ameanza kumeza dawa? Akatikisa kichwa. Nikashindwa kuimaliza togwa.

Jumatatu, 17 Novemba

Mke wangu alikuwa akitoka kila siku na ungo wa karanga. Nikadhani anauza. Kumbe anakwenda kwa NyaMhone, anakaa kibarazani anamenya karanga, hasemi kitu, akimaliza anarudi. Leo amekwenda na dada yake, mwalimu kutoka Mzuzu, yule mnene mcheshi. Dada mtu kamwonyesha Taonga kichupa chake. Dawa zile zile. Ameziweka mkononi akameza, akamwambia mtoto miaka kumi na minne hiyo nameza, na angalia mashavu haya. Taonga akayashika mashavu. Kisha akaomba maji, akameza za kwake.

Amemeza! NyaSibande aliponiambia nilikaa chini kwenye sakafu.

Halafu nikauliza shemeji yangu anaumwa tangu lini, na kwa nini miaka yote hiyo mimi sikuambiwa. Mke wangu alisema wangeniambiaje, niende kuchukua kipaza sauti?

Mtoto hataki bado kwenda kanisani, watoto wenzake wanamkodolea macho. Basi uji wake atanywea jikoni kwetu, asubuhi kabla ya shule. Masharti ya NyaMhone ni mawili: asiulizwe kitu, na asitangazwe.

Jumatano, 19 Novemba

Leo Taonga amekunywa uji jikoni kwetu. Nilisimama mlangoni kwa muda nikimtazama mgongo. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaiacha. Nikasema nisamehe, mwanangu, nilikosa. Hakugeuka. Alisema uji hauna sukari. Nikampa sukari, ile ile niliyorudi nayo, nikatoka nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto. Nimeapa mbele za Mungu kwamba sitasema tena neno lolote juu ya mtoto yeyote mbele ya watu. Katika maisha yangu sijawahi kumaanisha kitu kama hiki.

Mtoto akiwa bado anakunywa, Mchungaji Kumwenda alipita. Rafiki zetu wa ng'ambo wamesikia habari za harusi yetu na wamefurahi. Pengine wataendelea na sisi mwakani, lakini wangependa kuona namna tunavyowatunza watoto. Mchungaji alitaka awapelekee picha ya sufuria. Nikamwambia sufuria halimgusi mtu.

Nikafikiri. Mtoto yatima anakula jikoni kwa mzee wa kanisa, mvuke wa uji, kichwa kimeinama kidogo. Hapo hakuna haja ya maneno. Kiapo changu kilikuwa cha maneno, na picha haisemi kitu. Na uji wa mwaka mzima wa watoto wote umo humo. Nikatoka mbio kwa mwalimu wa kwaya kuazima simu yake, ile inayopiga picha vizuri, nikirudia njiani nitakavyomwambia ageuke kidogo, asitabasamu sana.

Niliporudi jikoni hapakuwa na mtu. Kikombe kimeoshwa, kimefunikwa. NyaSibande alikuwa anafagia. Mchungaji alikuwa amemweleza habari za picha. Akaitazama simu mkononi mwangu, akaendelea kufagia mpaka akafika miguuni pangu, akasema Taonga ameshakwenda shule, na kuanzia kesho uji wake atanywea kwa mzee Jere. Akaniomba nisogee.

Nimesononeka mchana kutwa. Kwa Jere, kati ya watu wote. Lakini nimekaa nimefikiri vizuri, na si vibaya hivyo. Jikoni kwetu kuna giza. Kwa Jere kuna madirisha mawili, na lile moja liko upande wa barabarani.